TanzLII kwa mwanafunzi wa sheria wa Arusha na Moshi: maombi yaliyokwama ndiyo darasa

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria, awe Makumira kule Usa River au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, akiuliza anunue kitabu gani ajiandae na Shule ya Sheria, jibu letu ni kwamba asinunue kwanza. Afungue TanzLII. Ni tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka hukumu na maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, pamoja na sheria zenyewe na matoleo ya Gazeti la Serikali. Haina ada, kusoma hakudai kujisajili, na simu ya kawaida inaifungua.

Mapitio haya yanaangalia jambo moja tu: inamfaa kiasi gani mtu ambaye bado yuko shahada ya kwanza na anataka afike Dar es Salaam, iliko Shule ya Sheria, akiwa tayari mkono wake umezoea kuandika hati.

Maana huko ndiko watu wanakokwama. Chuoni swali huwa sheria inasemaje. Kwenye Shule ya Sheria, yaani Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, Sura ya 425, swali ni kwamba mteja wako amechelewa siku 41, sasa andika hati itakayopelekwa masjala kesho asubuhi. Matokeo yaliyotikisa nchi mwaka 2022 yalionyesha hivyo: kati ya watahiniwa 633, waliopita moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walipata sapu na 265 wakadisko. Vyuo vikanyooshewa kidole, Taasisi nayo ikanyooshewa, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Kwa aliyeko mwaka wa pili leo, mzigo huo una dawa anayoweza kuianza mwenyewe bila kusubiri kamati.

Wengi huingia TanzLII usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Wanachota majina matatu ya kesi, wanayabandika mwishoni mwa insha, wanafunga. Ukiitumia hivyo haina tofauti na desa. Thamani yake imekaa mahali ambapo mwanafunzi hapatazami: kwenye maamuzi mafupi ya maombi madogo, yale ambayo wakili alifika mahakamani na hati yenye kasoro, upande wa pili ukainua pingamizi la awali, na shauri likafia mlangoni kabla hata ya kusikilizwa. Hukumu kubwa za Katiba zinapendeza kusoma, na kila msomi wa sheria anapaswa kuijua kesi ya Rebeca Gyumi na ile ya Mchungaji Mtikila. Lakini hazikufundishi kuandika kiapo. Uamuzi wa kurasa nane wa Mahakama Kuu Moshi kuhusu kiapo kilichokosa tarehe unakufundisha.

Sababu ni kwamba jaji anapokataa hati hukueleza kasoro iko wapi, kanuni gani imevunjwa, na mara nyingi hunukuu aya yenyewe iliyokosewa. Unapata kosa, sheria, na marekebisho kwa wakati mmoja. Hakuna kitabu cha mifano ya nyaraka kinachokupa hivyo, kwa kuwa kitabu kinakuonyesha hati iliyo sawa bila kukwambia ingeharibikaje.

Sasa namna ya kuyapata maamuzi hayo. Kisanduku cha kutafutia kinapokea maneno ndani ya alama za kunukuu, nacho hutafuta maneno hayo yakiwa yamefuatana. Andika bila alama na utaletewa maelfu ya majibu yasiyokuhusu. Hukumu nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo anza na "defective affidavit", "defective jurat", "struck out" pamoja na neno la jambo unalolitaka. Halafu rudia kwa Kiswahili: "kiapo chenye kasoro", "pingamizi la awali", "kuongezewa muda". Tangu marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yapo maamuzi ya Kiswahili, na mwanafunzi anayetafuta kwa lugha moja anayakosa. Faida yake nyingine ni msamiati. Ukisoma jaji anavyoandika mwombaji, mjibu maombi, mrufani, hati ya madai na maelezo ya utetezi wa maandishi, hutababaika siku utakapotakiwa kuandika hati nzima kwa Kiswahili.

Baada ya majibu kutokea, chuja kwa mahakama na kwa mwaka. Kwa mazoezi ya kuandika, chagua Mahakama Kuu, kwa sababu huko ndiko hati za aina nyingi zinakofika na kukwama. Kwa kujua msimamo wa sheria, chagua Mahakama ya Rufani. Usichanganye malengo hayo mawili kwenye utafutaji mmoja.

Kusoma nako kuna utaratibu, na hapa ndipo tunapokazia zaidi. Soma aya za mwanzo mpaka pale pingamizi linapotajwa, kisha simama. Funika simu. Andika kwenye karatasi kwamba pingamizi hili lina mashiko au halina, na kwa kanuni ipi. Hapo ndipo uendelee. Ukimaliza, andika upya ile hati iliyokataliwa ikiwa imenyooka, yote, tangu jina la mahakama juu hadi sehemu ya sahihi na anuani ya kupokelea nyaraka. Mpe mwenzako wa chumba, naye atafute pingamizi. Hati moja kwa wiki inatosha. Kwa muhula wa wiki 15 utakuwa na hati 15 ulizoziandika kwa mkono wako na kupingwa mara 15, na hicho ni kitu ambacho watu hufika nacho Dar es Salaam kwa nadra.

Anza na kiapo, maana kiapo ndicho kinachobeba karibu kila maombi. Maombi ya wito chemba chini ya Amri ya XLIII, kanuni ya 2 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, huungwa mkono na kiapo, na kiapo kikianguka maombi yanaanguka nacho. (Namba zote za vifungu humu ni za kabla ya urekebu wa 2023, yaani toleo jipya la sheria za nchi, sababu ya kulisema hili itaonekana mbele.) Makosa yanayojirudia si mengi, ila yana ukaidi.

La kwanza ni sehemu ya kuapishwa, ile jurat pale chini. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12, sheria ya wathibitishaji wa umma na makamishna wa viapo, kinataka kamishna ataje mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Wakili anaandaa kiapo Ijumaa, anaacha nafasi ya tarehe wazi, mteja anatoka Karatu Jumatatu kuja kusaini, na nafasi inabaki wazi mpaka masjala. Vilevile kamishna anapaswa kueleza kama anamfahamu mwapaji mwenyewe au ametambulishwa na mtu mwingine anayemfahamu. Ukiacha maneno yote mawili kwenye fomu bila kukata lisilohusika, hujasema lolote. Na kamishna hawezi kuwa wakili wa mmoja wa wahusika kwenye shauri hilo hilo. Ofisi zenye mawakili wachache hunaswa hapa.

La pili ni uthibitisho. Aya ambazo mwapaji anazijua mwenyewe zinatenganishwa na aya alizoambiwa, na aliyemwambia anatajwa kwa jina. Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi katika Salima Vuai Foum, iliyoripotiwa [1995] TLR 75 (Tanzania Law Reports): kiapo kilichotegemea taarifa hakifanyiwi kazi chanzo chake kisipotajwa. Mwanafunzi huandika kwamba yote yaliyomo ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu, akadhani amemaliza, kumbe aya ya 7 inaeleza alichosimuliwa na karani wa benki.

La tatu ni kugeuza kiapo kuwa hoja. Kiapo kinabeba ukweli wa mambo, hakibebi maombi, wala pingamizi, wala mabishano ya kisheria. Kauli hiyo inatoka kwenye kesi ya Uganda, Ex parte Matovu [1966] EA 514 (ripoti za kesi za Afrika Mashariki), na utaikuta imenukuliwa kwenye maamuzi mengi mno ya kwetu. Angalizo dogo hapa: ukiikuta imenukuliwa ndani ya uamuzi mwingine, usiitaje kana kwamba umeisoma. Vitabu vya EA na TLR ni vya rafu za maktaba za vitivo vya sheria; nenda ukaifungue yenyewe. Nukuu iliyopita mikono mitatu hupotea neno moja, na neno hilo ndilo mpinzani wako atakalolisimamia.

Baada ya kiapo, nenda kwenye muda. Tungelazimishwa kuchagua eneo moja tu la kufanyia mazoezi TanzLII, lingekuwa hili. Kesi inayotajwa kila mahali ni Lyamuya Construction dhidi ya Bodi ya Wadhamini ya YWCA, Maombi ya Madai Namba 2 ya 2010, na ni ya hapa hapa Arusha. Wanafunzi wanaikariri vigezo vyake vinne: kueleza kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, mwombaji awe ameonyesha juhudi wala si uzembe, na kama kuna sababu nyingine ya kutosha, mfano uharamu kwenye uamuzi unaotaka kuupinga. Wanaikariri, halafu wakipewa mazoezi wanaandika kwamba mwombaji alikuwa mgonjwa na alifuatilia kwa karibu. Hiyo haitimizi kigezo cha kwanza. Katika Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, Maombi ya Madai Namba 3 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisema hata siku moja ya kuchelewa inahitaji maelezo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua uamuzi wowote ambao maombi ya kuongezewa muda yalikataliwa. Piga mistari upate safu tatu: tarehe, kilichofanyika, ushahidi wake. Jaza tangu siku ya hukumu hadi siku maombi yalipofunguliwa, siku kwa siku. Nafasi zilizobaki tupu ndizo zilizomwangusha mwombaji, na mara nyingi utazigundua kabla jaji hajazitaja. Siku tatu kati ya kutoka hospitali na kwenda kwa wakili. Wiki nzima baada ya kupata nakala ya hukumu. Kisha andika kiapo ambacho kila nafasi ina aya yake na kila aya ina kiambatisho chake. Ukifanya zoezi hili mara nne hutaandika tena kwamba alifuatilia kwa karibu.

Hapo hapo jifunze vipimo vya msingi mpaka vikae kichwani: maelezo ya utetezi wa maandishi siku 21, madai ya mkataba miaka 6, ya madhara miaka 3, ya kurudisha ardhi miaka 12, taarifa ya rufani kwenda Mahakama ya Rufani siku 30 tangu uamuzi, na rufani yenyewe siku 60 tangu taarifa ilipofunguliwa. Hizi 60 zina mtego wake. Muda wa kuandaa nakala za mwenendo hauhesabiwi iwapo uliomba nakala kwa barua ndani ya siku 30 na ukampa mjibu rufani nakala ya barua hiyo, na Msajili akakupa cheti. Soma maamuzi matano kuhusu vyeti hivyo. Utaona rufani za watu zikiondolewa kwa sababu cheti kimetaja tarehe isiyo sahihi ya barua, na wakili alikipokea bila kukisoma.

Jambo jingine ambalo tovuti hii inalifundisha kuliko mhadhara ni tofauti ya kutupilia mbali shauri (dismiss) na kuliondoa mahakamani (strike out). Katika hukumu yanakaa ukurasa mmoja na yanaonekana kama maneno ya kubadilishana. Ngoni-Matengo Cooperative Marketing Union dhidi ya Alimahomed Osman [1959] EA 577 ilizitenganisha zamani: kutupilia mbali maana yake shauri lilikuwa halali nalo limeamuliwa, kuondoa maana yake hapakuwa na shauri halali la kuamua, kwa hiyo mhusika anaweza kurudi akiwa amejirekebisha, muda ukiruhusu. Na kuna mkunjo: shauri lililopitwa na ukomo, kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinataka litupiliwe mbali. Mwanafunzi anayeandika pingamizi la ukomo halafu akaomba shauri liondolewe ameomba nafuu isiyo sahihi. Kwenye mtihani wa vitendo alama inapotea hapo, ingawa hoja yake yote ilikuwa nzuri.

Kuhusu pingamizi la awali lenyewe, usiandike hata moja kabla ya kusoma Mukisa Biscuit [1969] EA 696. Linapaswa kuwa hoja tupu ya sheria, ukichukulia kwamba mambo yote yaliyoelezwa na upande wa pili ni kweli. Ukihitaji ushahidi kulithibitisha, si pingamizi la awali.

Kuna jozi moja tunaipendekeza isomwe pamoja, jioni moja. Mwaka 2018 bunge liliingiza kanuni ya lengo kuu, kwamba mahakama itazame haki kuliko ufundi, kwenye Sura ya 33 na Sura ya 141, ile ya mamlaka ya rufani, kupitia Sheria Namba 8 ya mwaka huo. Watu wakadhani makosa yote ya hati yamesamehewa. Soma Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, Rufani ya Madai Namba 55 ya 2017, uone Mahakama ya Rufani ikiitumia kanuni hiyo kuokoa shauri la ardhi. Halafu soma Mondorosi Village Council dhidi ya Tanzania Breweries, Rufani ya Madai Namba 66 ya 2017, iliyoamuliwa hapa Arusha, ambapo mahakama hiyo hiyo ilikataa kanuni hiyo itumike kufunika masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Jiulize mstari umepita wapi kati ya hizo mbili. Ukiweza kuueleza kwa sentensi zako mwenyewe bila kunukuu, umeelewa kitu ambacho baadhi ya mawakili bado wanakibabaisha.

Tumeisifu vya kutosha. Sasa kasoro zake, na kubwa kuliko zote inatokana na wakati.

Hukumu haizeeki kwenye kurasa za TanzLII. Inakaa pale na sura ile ile hata kama sheria iliyoitegemea imeshaondoka. Mfano ulio hai ni kibali cha kukata rufani. Utakuta maamuzi kwa mamia ambapo rufani za madai ziliondolewa kwa kukosa kibali cha Mahakama Kuu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2023, Sheria Namba 11, yaliliondoa takwa hilo kwenye mashauri ya madai. Mwanafunzi anayesoma uamuzi wa 2019 na kuutumia leo anamwandikia mteja maombi asiyoyahitaji. Kwa hiyo kila uamuzi ukiufungua, tazama mambo mawili pembeni yake: tarehe, na orodha ya hukumu nyingine zilizoutaja. Orodha hiyo ipo kwenye ukurasa wa hukumu, na watu wengi hawajawahi kuibonyeza. Ifungue, anza na iliyo ya karibuni kabisa, na utafute kama msimamo umebaki, umewekewa mipaka, au umeachwa.

La pili ni namba za vifungu. Urekebu wa Sheria Toleo la 2023 ulizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kwenye sheria kadhaa vifungu vimepangwa upya. Hukumu zote za kabla ya hapo zinataja namba za zamani, na madesa ya chuoni vilevile. Hakuna njia ya mkato: fungua sheria yenyewe kwa toleo jipya, tafuta kifungu kwa maneno yake badala ya namba, na pembeni mwa daftari andika namba zote mbili. Ifanye kazi hiyo kwa sheria nne unazozitumia kila siku, yaani Sura ya 33, Sura ya 20 (mwenendo wa makosa ya jinai), Sura ya 6 (ushahidi) na Sura ya 89. Ni kazi ya siku mbili za likizo, na itakuokoa mwaka mzima. Ukisoma sheria kwenye tovuti, angalia juu ya ukurasa inaonyesha ni ya toleo gani na mpaka tarehe ipi, maana matoleo ya nyuma nayo yapo.

La tatu ni nakala za zamani zilizopigwa picha. Maneno yaliyomo humo hayatafutiki, au yanatafutika kwa makosa, kwa hiyo usihitimishe kwamba kesi haipo kwa kuwa jina halikutokea. Jaribu jina la upande wa pili, jaribu namba ya shauri na mwaka, jaribu tahajia nyingine. Majina ya kwetu yanaandikwa kwa njia tatu na makarani watatu. Nakala hizo pia ni nzito kwa bando. Zipakue mahali penye intaneti ya chuo, uzisome kwenye daladala.

Na muhtasari unaokaa juu ya baadhi ya hukumu si sehemu ya hukumu. Usiunukuu kamwe. Utumie kuamua tu kama hukumu inafaa kusomwa.

Kuna maeneo ambayo TanzLII haikufikishi mbali. Uandishi wa mikataba, uhamishaji wa milki ya ardhi, na mashauriano na mteja havionekani mahakamani mpaka viharibike, na hata vikiharibika unaona kipande tu. Hati zenyewe, yaani zile zilizofunguliwa masjala, huzioni. Unaona jaji alivyozieleza. Pengo hilo linazibwa kwenye field. Ukipata ofisi ya wakili Arusha mjini au Moshi, omba kusoma majalada yaliyofungwa, na kabla ya kunakili chochote futa majina na namba za wateja. Siri ya mteja inaanza kukuhusu siku hiyo, si siku ya kuapishwa.

Faida waliyo nayo wanafunzi wa kanda hii, na wengi hawaitumii, ni kwamba wanachokisoma kwenye simu wanaweza kwenda kukiona. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kipo Arusha, Mahakama Kuu ina masjala Arusha na Moshi, Mahakama ya Rufani hufanya vikao Arusha, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pamoja na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki zote makao yake ni Arusha. Mashauri husikilizwa mahakama ya wazi. Mahakama ya Rufani ikiwa na kikao, chukua orodha ya mashauri, chagua rufani moja, nenda TanzLII utafute hukumu ya Mahakama Kuu inayokatiwa rufani. Isome usiku. Andika sababu tatu za rufani ambazo wewe ungeziweka. Asubuhi vaa suruali au sketi nyeusi na shati jeupe, zima simu, inama kidogo unapoingia na kutoka, kaa nyuma, usikilize majaji wanauliza nini. Maswali yao yatakuonyesha aya uliyoipita. Baada ya majuma au miezi uamuzi utawekwa kwenye tovuti. Utafute kwa namba ya shauri, ulinganishe na karatasi yako.

Mwisho, namna ya kutaja. Hukumu za tovuti zina namba yake yenyewe: mwaka kwenye mabano ya mraba, kifupi cha mahakama, namba, mfano TZCA kwa Mahakama ya Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu. Andika majina ya wahusika, aina na namba ya shauri na mwaka wake, mahakama na mji ilipokaa, kisha namba hiyo. Mji hauonekani kwenye namba. Upo juu ya ukurasa wa kwanza wa hukumu, karibu na majina ya jopo. Hesabu na jopo. Lyamuya, ile inayotajwa kila siku, iliamuliwa na jaji mmoja, na anayeitaja kama uamuzi wa majaji watatu ameonyesha kwamba hakuufungua ukurasa wa kwanza. Ukichapisha steshenari, chapisha ukurasa huo wa kwanza, kurasa zenye hoja uliyoipigia mstari, na ukurasa wa mwisho wenye amri na tarehe. Zilizobaki zisome kwenye simu.